Maksai wa Ekai na Hati ya Wimbo

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya utamaduni ya kaunti, mkurugenzi alinikabidhi mhuri akasema, "Madam Kendi, wewe ndiye mkaguzi wa maneno. Matusi na siasa zisipite hapa." Kaunti ilikuwa changa, hata viti tuliazima. Nyinyi mnaotuma nyimbo kwa simu hamjui kazi ile: nilikuwa naandika kila neno vile linaimbwa, nalitafsiri, halafu napiga mhuri. Karatasi hiyo tuliita hati ya wimbo. Shindano la nyimbo tulilopelekea waimbaji wetu lilikuwa la nchi nyingi, na sheria yake ilikuwa kali: ukibadilisha maneno ya hati jukwaani, unatolewa.

Ekai, mfugaji wa kijiji cha Burat, alileta wimbo wa maksai wake. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai mmoja anayemwimbia, akimsifu hadharani. Mimi ni Mmeru, Kiturkana sikukijua. Kwa miezi mitatu alinifundisha neno kwa neno, akinicheka, "Mama, unaongea kama mbuzi mwenye majani mdomoni." Nilikuwa mjane, na hakuna mwingine aliyenichekesha siku zile.

Wiki ya fainali, kiangazi kikamuua maksai.

"Siwezi kuimba ati anakunywa maji," Ekai aliniambia. "Ng'ombe wangu hadanganywi."

"Imba vile tuliandika. Utalia baadaye."

Alipanda jukwaani Nairobi akaimba kilio. Watu walisimama wote. Majaji, wageni watupu, wakanigeukia: "Maneno ni yale ya hati?" Ukumbini ni mimi tu niliyeelewa. Nikasema, "La, siyo." Wakamtoa.

Mkurugenzi alinipa mkono. "Kazi safi. Sheria ni msumeno." Ekai hakugombana. Aliniuliza tu, "Kwani ungesema hujui Kiturkana, ungekufa?"

Ngai! Hakukanyaga ofisi yetu tena. Nilistaafu na barua ya pongezi, na mkiniuliza leo, nitawaambia wazi kwamba nilikosea. Ningenyamaza. Upweke huu niliutafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku hizi wanawake wa Kiturkana hupita na makaa hapa kwangu mtaani Wabera. "Ejoka," nawasalimu, na kuendelea kwa lugha yao. Wanashangaa, wanacheka.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Ni kazi tu," najibu, kisha naingia ndani haraka. Wakiniuliza jina lake nitalia.