Mbu wa Nje

Dada yangu Jelagat alitoka kwetu Kitale akaolewa Bumula, akaishi kule kwa heshima mpaka malaria ilipomuua mwanawe, Simiyu. Tangu siku hiyo akaitwa "yule wa neti".

Neti zilikuwa zimegawanywa bure kliniki, na mama mkwe wake, Mama Nyongesa, akajifanya askari wa neti. Kila asubuhi alipitisha mkono chini ya godoro kuona kama imechomekwa. Siku zote aliikuta imechomekwa. Lakini katika matanga alisema mbele ya watu wote, "Kama hiyo neti ilifungwa, mbu iliingia wapi?" Nyongesa, mumewe, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaendelea kunywa chai yake. Mnyonge hana haki. Jelagat alirudishwa kwetu na sanduku lake, akakatazwa hata kukanyaga penye kaburi la mtoto aliyemzaa. Niliuchukia ukoo ule, na bado nauchukia.

Jelagat hakutaka mume. Alitaka kupalilia kaburi, basi.

Mwaka wa 2006 watafiti walikuja Bumula kutega mbu, ndani ya nyumba na nje penye ng'ombe. Waliporudi na majibu, watu waliitwa kanisani; habari ikatufikia Kitale, nami nikampeleka dada yangu. Mtafiti, Bwana Gicheru, alieleza vizuri. Kwa macho, hata kwa hadubini, mbu wale wote ni sawa. Ila vinasaba vyao vilipopimwa maabarani, walionekana ni aina mbili. Mmoja huuma ndani watu wakilala, na neti humzuia. Wa pili hupenda ng'ombe, lakini huuma watu pia na kuwapa malaria, nje jioni, kabla mtu hajafikiria kitanda.

"Kwa hivyo mtoto anaweza lala kwa neti kila siku na bado apate malaria?" Jelagat aliuliza.

"Ndiyo, mama. Akikaa nje jioni."

Jelagat alifumba macho. Kila jioni, yeye akipika, Simiyu alikuwa zizini amepakatwa na nyanya yake, akingoja maziwa. Bibi yule alimpenda mjukuu wake, siwezi kumnyima hilo.

Tulikwenda moja kwa moja hadi bomani kwa akina Nyongesa. Jelagat alikuwa amebeba jembe dogo kwenye mfuko. Mama Nyongesa, aliyekuwa kanisani pia, alikuwa ametutangulia. Tulimkuta langoni.

"Mama, umesikia daktari," Jelagat alisema kwa upole. "Mimi sikulaumu. Niruhusu tu nimlimie mtoto kaburi lake."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Akashika lango kwa mikono miwili. "Ukiingia hapa, watu watasema kama si wewe, basi ni mimi. Si ni mimi nilikuwa naye huko kwa ng'ombe? Sasa mimi nitalala aje? Wewe umeshazoea kulaumiwa, binti yangu. Kaa na hiyo lawama tu."

Akafunga lango kwa waya.

Kaburi lilionekana kutoka barabarani. Ng'ombe alikuwa amefungwa pale, akila nyasi zilizoota juu ya kaburi. Jelagat alimtazama mpaka ng'ombe akashiba.