Vita vya Kanga Studioni kwa Baba Hansa

Sisi tulioijua Bagamoyo kabla simu hazijaingia mifukoni tunakumbuka kwamba kupiga picha lilikuwa jambo la kujiandaa. Hukupigwa picha kwa sababu umeagiza chipsi. Ulipigwa kwa sababu ni Idd, au umeolewa, au umekhitimu Kurani, na hata hapo ulisuguliwa kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha, ukapakwa mafuta ya nazi magoti yakang'aa, kisha ukaonywa usikae chini popote hadi mfike studio. Wajukuu zangu leo wanaipiga picha chai. Chai! Wanakizungusha kikombe huku na huku kukitafutia mkao mzuri, na wakija kuinywa imekwisha poa.

Studio yetu ilikuwa ya Baba Hansa, Mhindi aliyezaliwa palepale mjini na aliyeongea Kiswahili kizuri kuliko wengi wetu. Mbele lilikuwa duka la nguo: kanga zimepangwa hadi darini, marekani, poplini, na harufu ya nguo mpya iliyochanganyika na udi aliouchoma mkewe kila asubuhi. Nje, barazani, baba yangu alikuwa na cherehani yake. Kwa hiyo ukitaka shati la Idd ulinunua kitambaa ndani, ukashonewa nje, kisha ukarudi tena ndani, chumba cha nyuma, kupigwa nalo picha.

Chumba hicho kilikuwa dunia nyingine. Palikuwa na taa mbili kali zilizokutoa jasho, maua ya plastiki, simu ya mezani isiyounganishwa popote, na koti moja jeusi la kuazima. Ingieni nyumba yoyote ya zamani pale mjini mtazame picha ukutani: mabwana harusi wote wa enzi zile wamevaa koti lile lile. Na nyuma ya kila mtu lilikuwepo pazia, turubai lililochorwa mlima wenye theluji, ziwa, na mabata meupe yenye shingo ndefu. Hakuna aliyejua mlima ule uko wapi. Ukisimama mbele yake umeshika simu ile sikioni, ulikuwa mtu mwingine kabisa.

Mtu mmoja tu kwetu alikataa katakata kupigwa picha, naye ni bibi yangu, mama yake baba. Akiombwa alijibu, "Mniweke mbele ya mlima nisioujua, kesho vitukuu wangu wadhani nilitokea huko? Niacheni."

Mwaka mmoja masika yalikuja kwa hasira. Bati la chumba cha picha likavuja, na theluji ya mlima ikachuruzika mpaka ziwani. Mabata yakabaki shingo tupu. Idd ilikuwa inakaribia, na fundi aliyelichora pazia lile alikwisha hama, hajulikani aliko.

Hapo ndipo anapoingia dada yangu Hawa. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, baba akawa anamfundisha cherehani. Masikini Hawa! Akishona mkono wa shati, unatoka mguu wa suruali. Lakini mpe mkaa na ukuta mweupe. Kila ukuta wa nyumba yetu ulikuwa na michoro yake, na kila mchoro ulifuatiwa na vipigo vya mama. Maharusi walimtafuta awapake hina na piko, kwa kuwa maua yake yalipanda mkononi kama yameota.

Mama Hansa, mke wa mwenye studio, aliyaona maua hayo kwenye mikono ya mwanawe. Akamwambia mumewe, "Huyu mtoto wa fundi ndiye atakayetutoa."

Baba hakupenda. Alikuwa mtu wa msikiti na mwenye maneno machache. Aliposhawishiwa sana alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akasema, "Achore. Ila asichore chenye roho. Na Idd ikipita pazia halijapata watu, Hawa, utakaa hapa kwenye cherehani, na mkaa ukutani kwangu sitaki kuuona tena."

Hawa alijifungia mle chumbani. Mimi nilimpelekea uji na kumshikia makopo ya rangi. Theluji hakuijaribu hata kidogo. "Sijawahi kuiona," alisema, "nitaichoraje?" Akachora mtaa wetu. Alichora nyumba za mawe zilizobanduka chokaa, baraza zake, mlango wa Bibi wenye misumari ya shaba, kamba iliyoanikwa kanga zinazopepea, na mwisho wa njia, kipande cha bahari kisichozidi upana wa leso. Mabata hayakuwepo, kwa sababu yana roho. Nilipolitazama lilipokauka, nilihisi nikinyoosha mguu nitaingia ndani yake.

Siku ya Idd vijana walikuja wamependeza, suruali za bugaluu zinafagia barabara, viatu vya raizoni vyenye soli nene vimewainua kama wamepanda kokoto. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana wa mtaa wa pili, Shomari, nywele zimechanwa zikawa mwavuli. Akasimama, akaangalia pazia, akageuka kumwangalia Baba Hansa.

"Mlima uko wapi?"

"Umeharibika. Hili ndilo jipya."

"Yaani nimevaa hivi nije nipigwe picha uchochoroni kwetu? Si ningebaki nyumbani?"

Wenzake wakacheka. Wengine wakauliza mabata. Kufika adhuhuri, Baba Hansa, aibu imemjaa usoni, alikuwa ametundika shuka jeupe kuifunika kazi ya Hawa, na watu wakawa wanapigwa picha mbele ya shuka. Dada yangu alirudi nyumbani akajilaza mkekani kaugeukia ukuta. Pilau ya Idd ilikuja, ikapoa. Barazani, baba alikuwa ameshamtolea kigoda chake kando ya cherehani.

Nilikimbilia kwa Bibi. Na hapa lazima niwaeleze jambo moja. Siku zile Bibi alikuwa hasemi na jirani yake, Bi Tatu, shoga yake wa tangu usichana. Walikuwa wakikuna nazi kwenye shughuli ya harusi, maneno yakapanda, na Bi Tatu akatamka mbele ya wanawake wote kwamba Bibi ni mtu wa kuja, kwamba mama yake aliingia Bagamoyo kutoka bara na furushi kichwani. Bibi alizaliwa pale, alizaa pale, aliwazika wazazi wake pale. Hakumjibu kitu. Aliondoka na mbuzi yake ya kukunia, na tangu siku hiyo wakawa wanapishana kisimani kama hawaonani.

Nilipomweleza yaliyompata Hawa, Bibi aliuliza swali moja. "Kwani amechora nini?"

"Amechora mtaa wetu, Bibi. Na mlango wako upo."

"Mlango wangu?"

"Na misumari yake."

Bibi akainuka. Kisha akafungua sanduku, akatoa doti ya kanga iliyokuwa haijafuliwa hata mara moja, akajifunga moja na kujitanda nyingine. Nilikuwa nimeanza kujua kusoma. Juu ya pindo la chini iliandikwa: NIPO KWETU SINA SHAKA.

Tulipoingia studio watu walimpisha. Baba Hansa akaamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ondoa shuka hilo."

Shuka likaondolewa. Bibi alilitazama pazia kwa muda, akausogelea mlango wake wa rangi, akaugusa msumari mmoja kwa ncha ya kidole. Akakaa kwenye kigoda cha pale studioni, akageuza kiuno, akaipanga kanga yake ili maneno yote yaonekane.

"Yasomeke," alisema. "Yasiposomeka, usinipige."

"Bibi, nikiyachukua maneno, miguu itakatika."

"Miguu yangu inajulikana. Chukua maneno."

Picha ilipotoka, Bibi mwenyewe aliagiza iwekwe kwenye kisanduku cha kioo kilichotundikwa pale mlangoni, ambamo Baba Hansa alionyesha picha zake nzuri. Kesho yake wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama. Wakasoma. Wakatazamana. Wakaita wengine. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imemfikia Bi Tatu.

Naye hakuwa mtu wa kulala na deni la maneno. Alikuja keshokutwa yake, wanja umemkaa vizuri, akaomba pazia lile lile na kigoda kile kile. Kanga yake ilisema: NIMEYAONA NIMENYAMAZA. Picha yake ikawekwa kwenye kioo, pembeni ya Bibi.

Basi mji ukachangamka! Bibi akarudi na kanga nyingine, Bi Tatu akamjibu. Wanawake walianza kutoka hadi vitongoji vya nje kuja kusoma kilichoandikwa wiki hiyo, na wakishafika, nao waliona hakuna sababu ya kuondoka bila kupigwa. Mmoja akampelekea ujumbe mumewe aliyechelewa kurudi safari, mwingine akamjibu wifi. Wote walitaka pazia la Hawa, maana maneno ya mtaani yalikaa vizuri zaidi mtaani. Na kwa vile wasichana wote wa mji walikuwa wamejaa pale, Shomari naye akarudi na bugaluu yake. Alisimama mbele ya mlango wa Bibi, mkono kiunoni, wala hakuuliza mlima.

Mama Hansa ndiye aliyeamua ugomvi, tena bila kukusudia. Asubuhi moja robota jipya la kanga lilifunguliwa, likagombaniwa. Bibi akaingia kwa mlango mmoja, Bi Tatu kwa mwingine, wote wakadaka doti ile ile, nyekundu yenye maua ya korosho. Ilikuwa imebaki hiyo tu. Nilikuwa nimekaa miguuni kwa baba, nikaona wote wawili wameishika, kila mmoja upande wake, na hakuna anayevuta.

"Imebaki moja," Mama Hansa akasema, na mkasi uko mkononi. "Doti ni vipande viwili. Nikate?"

Cherehani ya baba ikasimama.

"Kata," Bi Tatu akasema. Halafu, akiwa bado ameshika pindo lake, akaongeza kwa sauti ndogo, "Mama yako ndiye aliyenifundisha kusuka ukili. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nashinda kwenu."

"Nakumbuka," Bibi akasema.

"Yale niliyoyasema kwenye nazi, sikuwa na haki nayo."

"Uliniumiza, Tatu."

"Najua, shoga yangu. Na kunyamaza kwako ndiko kulikoniumiza mimi."

Bibi hakusema amesamehe. Alijifunga kipande chake pale pale juu ya gauni, akamvuta mwenzake mkono, wakaingia chumba cha nyuma. Wakakaa bega kwa bega mbele ya pazia, wamevaa doti moja, na ni pale tu, Baba Hansa alipokwisha kuwapiga na kuanza kukohoa kicheko, walipokumbuka kwamba hawakusoma kanga imeandikwa nini. Ilisema: HONGERA MAMA MZAZI. Walikuwa vikongwe wote wawili. Walicheka mpaka Bi Tatu akashikilia ukuta.

Jioni ile baba alisimama kwa muda mrefu mbele ya kisanduku cha kioo, anamtazama mama yake. Kisha akaingia dukani, akapima marekani nzito, akaishona upindo pande zote nne, kwa mkono wake wa fundi usiokwenda kombo. Akaikunja, akampa Hawa.

"Chora jingine," alisema. "Hili la kwanza litachoka. Na kile kigoda cha kando ya cherehani rudisha ndani, hakuna anayekikalia."

Tangu hapo Hawa hakuwahi kukaa kwenye cherehani. Alichora mapazia mengine, akachora kuta za vinyozi na za mikahawa, akasomesha watoto wake kwa brashi. Sasa anaishi Mapinga, jicho moja limeingia ukungu, na Jumamosi uwanja wake unajaa mabinti wa jirani wenye rangi hadi masikioni.

Baba Hansa na mkewe walikwisha fariki. Lile jengo siku hizi linauza vifaa vya simu. Watu wanaona picha zimekuwa nyingi, mimi naona zimekuwa nyepesi. Mjukuu wangu ana picha elfu zake mwenyewe, na simu ikiangukia chooni anabaki hana hata moja. Anajisafisha uso pichani kwa kidole mpaka pua inakwenda likizo. Na vijembe vyao wanatupiana kwenye simu. Vinakaa siku moja, vinafutika, na aliyekusudiwa hata hakuviona. Enzi zetu ulitembea na neno lako mwilini, mchana kweupe, ukapita nalo mbele ya mwenyewe. Ilitaka moyo. Wakati mwingine nikiwaza hayo naona kama kitu kimetutoka na hakitarudi.

Lakini mwezi uliopita nilikuwa stendi nasubiri gari la Dar. Mbele yangu alisimama binti wa ofisini, begi la kompyuta begani, viatu vya visigino, na juu amevaa koti lililoshonwa vizuri sana kwa kanga. Mgongoni, kutoka bega hadi bega, fundi alikuwa ameyapanga maneno yakae sawasawa. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma utotoni: "MWANIONA MDOGO NAWATAZAMA TU."

Binti akageuka, akacheka, meno yote nje. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Na hilo neno umemwandikia nani?"

Akanisogelea sikioni. "Bosi wangu. Leo tuna kikao, na mimi nakaa kiti cha mbele."