Paskazia Avuka Kwenda Kuimba

Paskazia alianza kuimba kwenye kwaya ya kanisa Sengerema, lakini jina alilipatia Mwanza, katika bendi ya dansi, miaka michache kabla ya uhuru. Ikifika Jumamosi, watu walivuka maji kuja kumsikiliza yeye tu. Mumewe Luhende, karani wa pamba, alivumilia mpaka mwaka 1963, kisha akamtaka achague: nyumba au jukwaa. Paskazia akachagua jukwaa. Binti yao, Rebeka, wa miaka minne, akabaki Sengerema kwa baba yake.

Bendi nayo ikaja kuvunjika. Paskazia akaajiriwa kiwanda cha nguo Nyakato, akasimamia mashine miaka kumi na minane, hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1994. Akawa anauza vitumbua barazani kwake. Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, na mtangazaji mmoja aliyeokota santuri yake kuukuu akamsaka mpaka akampata.

"Mama, kwa nini uliacha kuimba?" akamuuliza hewani.

"Sikuacha. Mliacha kuniita."

Wiki iliyofuata Rebeka alivuka kwa kivuko cha Kigongo. Miaka yote hiyo walikuwa wakionana misibani tu.

"Shikamoo, mama. Evelina wangu anaolewa. Tunaomba uje uimbe."

"Marahaba. Baba yako anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

"Basi mwambie aje aseme mwenyewe."

Luhende akaja, mzee wa miaka sabini, fimbo mkononi. Chai aliyowekewa hakuigusa.

"Watu walipokuwa wakikushangilia," alisema, "mimi niliona wananinyang'anya. Nilikosea, mama Rebeka."

Paskazia alimsogezea kikombe. Hasira ilikuwapo bado, ila ilikuwa imechoka.

"Kunywa chai, inapoa. Nitakuja kwa ajili ya mjukuu wangu. Kurudiana, hapana."

"Sikuja kuomba hilo."

Siku ya harusi aliimba nyimbo tatu, ameketi kitini kwa sababu ya magoti. Vijana wa bendi iliyokodiwa walilazimika kumshushia muziki, maana koo halikufika tena kule juu. Katika wimbo wa mwisho alimwona Luhende akiitikia, neno kwa neno, bila kukosea. Kumbe alikuwa akizijua zote.

Baadaye kwaya ya kanisa la Sengerema ikamwomba awafundishe. Akawa anavuka kila Ijumaa, na kulala kwa Rebeka.