Fortunata na Kosa la Ntendo

Fortunata alikuwa dereva wa lori enzi zile ambazo mwanamke akishika usukani mjini Sumbawanga, watu waliacha walichokuwa wakifanya wakatoka nje kumwangalia. Udereva alifundishwa na bruda mmoja wa misheni ya Kaengesa, ambako baba yake alikuwa seremala. Alipopata leseni akaenda moja kwa moja kwa Mzee Fransisko, mnunuzi wa nafaka. Serikali ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kununua mazao, na Mzee Fransisko alikuwa na Isuzu moja na haraka ya kuwatangulia wenzake.

"Dereva avae gauni, avae suruali, mimi hainihusu," alimwambia. "Nataka mzigo ufike."

Fortunata akavaa vyote viwili, suruali chini ya gauni kwa sababu ya baridi ya Ufipa, na mzigo ukafika.

Kosa lake lilitokea mwaka 1991. Alikuwa akitoka Mtowisa na magunia ya mpunga. Kabla hajaanza kupanda mlima, akasimamishwa na Shija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Mkewe Kabula alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Fortunata akamkalisha Kabula mbele pamoja na mama mkwe wake. Shija na ndugu zake wanne hawakutaka kubaki. Wakapanda juu ya magunia, lori likaanza kupanda kona kwa kona. Walipofika Ntendo, askari wa trafiki akanyoosha mkono.

"Abiria juu ya mzigo, mama. Unajua hilo ni kosa?"

"Najua, afande. Niache nimfikishe huyu hospitali, nitarudi."

Askari akachungulia ndani, akamwona Kabula ameuma kanga. Akabaki na leseni, akawapisha.

Mchana huo Kabula akajifungua salama, mtoto wa kike. Fortunata akashusha mpunga wa watu, akarudi Ntendo kama alivyoahidi, akaandikiwa kosa. Mahakamani akakiri, akatozwa faini, akalipa. Akaona mambo yamekwisha.

Miaka sita baadaye mradi wa maji kutoka ng'ambo ukafungua ofisi mjini, ukatangaza nafasi za madereva. Fortunata na mumewe Clemens, mwalimu wa shule ya msingi, wakakaa mezani kujaza fomu. Clemens ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Alipofika kwenye swali kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, akainua kalamu.

"Hapa niandike nini?"

"Si wameuliza, Mwalimu? Andika ndiyo."

"Mama Jane, ile ni faini tu ya barabarani. Dereva mwenzako Loth ametozwa mara tatu na ameandika hapana."

"Loth ana fomu yake. Hii ni yangu."

Clemens akaandika ndiyo, kwa herufi ndogo kidogo kuliko zile nyingine.

Kwenye usaili, Flavian, ofisa ajira wa mradi, aliisoma fomu ile mara mbili. "Wameomba madereva ishirini na wawili," alisema. "Kwa fomu zao, hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea. Wewe peke yako." Akamwomba asimulie. Akasikiliza mpaka mwisho, na wiki iliyofuata Fortunata akaanza kazi.

Mwaka wa pili mradi ukamchagua kwenda ng'ambo miezi mitatu, kujifunza ufundi wa mitambo ya kuchimba visima. Hapo ndipo kosa la Ntendo lilipomrudia kwa uzito. Ili kupata viza ilihitajika hati ya polisi. Alama zake za vidole zikapelekwa Dar es Salaam, na hati ikarudi na mstari mmoja: kosa, mwaka, mahakama. Ubalozi nao ukataka nakala ya hukumu. Mara hii Fortunata aliogopa. Clemens alilijua hilo kwa namna alivyosafisha plagi zile zile za gari jioni tatu mfululizo.

Karani wa mahakama, mama mmoja aitwaye Hellena, alipekua mafaili siku mbili. Alipolipata akasoma kwa sauti: "Mshtakiwa anakiri. Alirudi mwenyewe kwa askari baada ya kumfikisha mgonjwa. Anasema akikutana na mwingine kama huyo atambeba tena." Akavua miwani. "Mama, ulimwambia hakimu maneno haya?"

"Nilikuwa nimechoka, na nina hasira."

Clemens alipokuwa akitafsiri kwa Kiingereza, alipofika kwenye sentensi ile ya mwisho akasimama. "Hii tuiache. Hapo juu wameandika ulirudi mwenyewe. Inatosha."

Fortunata akaivuta nakala ya hukumu, akaisoma sentensi ile tena. Safari aliitaka, tena sana. "Iandike," alisema hatimaye. "Niliyasema mimi."

Ubalozini, ofisa alikuwa mwanamke wa makamo aliyejua Kiswahili cha kujifunza kitabuni. Alisoma karatasi zote, kisha akauliza swali ambalo Fortunata hakulitegemea.

"Mgonjwa, naelewa. Na wale watano waliokaa juu ya magunia?"

Fortunata kwa miaka yote hiyo alikuwa amesimulia habari za Kabula tu, na kila aliyesikia alimpa haki. Akaukumbuka mlima ule, zile kona, na tairi la nyuma lililokuwa limekwisha.

"Wale nilikosea," alisema. "Gari lingeteleza pale, ningeua watu watano. Wangesubiri gari jingine. Mama yule nitambeba hata kesho, lakini wale, askari alikuwa na haki."

Ofisa akaandika kitu, akamwambia asubiri majibu.

Majibu yalichukua wiki tano. Viza ilitoka wakati wenzake wameshaanza masomo siku kumi, naye akaenda hivyo hivyo, na sweta alilofumiwa na dada yake Otilia.

Aliporudi, Clemens alikuwa stendi tangu asubuhi, viatu vimepigwa rangi, ingawa aliambiwa basi litafika alasiri. Wakapokezana sanduku mpaka nyumbani. Mezani kulikuwa na ugali wa ulezi aliousonga mwenyewe, umekuwa mgumu kama tofali. Fortunata akanawa mikono, akala wote, akaomba na ukoko.