Randa ya Philbert

Kama kuna mtu niliyemwona akikondeshwa na kifaa cha mwenzake, ni Yotamu, seremala, jirani yangu wa Mafinga. Banda lake lilitazamana na la Philbert ng'ambo ya barabara, nami nilikuwa nauza chai hapohapo, kwa hiyo maneno yao yote yalinifikia.

Kilichomla roho ni randa. Philbert alikuwa na randa ya mti, kisu chake chapa ya Nyuki, aliyoachiwa na padri Mjerumani aliyemfundisha kazi kabla ya uhuru. Ya Yotamu ilikuwa chapa ya Nanga, ya duka la ushirika. Kila mteja alipovuka kwenda kwa Philbert, Yotamu alikuja kwangu na hotuba ileile: chuma cha zamani kilikuwa chuma, hiki cha siku hizi ni debe tupu, mpe yeye hiyo Nyuki uone kama Philbert atapata hata wa kumchongea kigoda. Nikimwambia chai inapoa, ananiona nimehongwa.

Mwaka wa sabini na sita binti yake Esta akaposwa na kijana wa Igowole. Bibi harusi haendi mikono mitupu, na Esta alitaka kabati. Akamnong'oneza mama yake kwamba angependa alitengeneze Philbert, maana mawifi wa huko walikuwa na macho makali. Mama akashindwa kunyamaza, na jioni Yotamu akawa amejua.

Hakugomba. Alikaa kwenye benchi langu, uso umemvimba. Mtoto aliyetambaa kwenye maranda yake mwenyewe! Kesho yake akafanya jambo ambalo maseremala wetu hawafanyi: akaenda kuazima randa. Fundi atakuazima jembe, atakuazima hata baiskeli, lakini randa hapana, wanasema mkono wa mtu mwingine unaiharibu. Nilingojea matusi. Philbert akaipangusa kwa shati lake, akampa.

"Fanyia kazi ya mtoto, kaka. Utanirudishia."

Hata kupewa kulimuuma. Aliporudi akaniuliza kama nimeona mtu anavyoringa.

Alipiga randa asubuhi nzima. Paini ina vifundo na ulimbo, na mbao zilichanika palepale zilipochanika siku zote. Esta alikuja kutazama, akasema ni nzuri, akaondoka haraka. Hapo Yotamu akaanza kusema Philbert amechomoa chuma kizuri akamwekea kibovu. Akagonga kabari, akatoa kisu cha randa, akakisugua ulimbo kwa mafuta ya taa. Chapa ikatokea. Nanga, kama ya kwake.

Akamwita Philbert palepale.

"Cha Nyuki kiko wapi?"

"Kile kilikwisha kwa kunolewa, zamani sana. Hiki si nilinunua siku ile tulipokwenda wote dukani?"

Alisema kama mtu anayeulizwa habari za mvua, wala hakujua anaua mtu.

Yotamu aliigeuza ile randa. Mti wake ulikuwa umebonyea pale kidole gumba cha Philbert kilipokaa miaka yote. Akajaribu kuweka kidole chake pale. Hakikukaa. Afadhali angetukana, maana nilimhurumia, na mimi sipendi kumhurumia mtu mwenye wivu. Akarudisha kisu na kabari, akabeba mbao begani, akavuka barabara akazitua mbele ya banda la mwenzake.

"Mtengenezee wewe," alisema. "Lakini kitasa nitafunga mimi."

Kabati lilikwenda Igowole, na mawifi wakakosa la kusema. Tangu siku hiyo Yotamu hakutaja chapa tena. Wivu haukumtoka, ulikosa tu cha kusingizia, na mteja akivuka barabara, yeye alikunywa chai yake kabla haijapoa.

Kitasa chenyewe kilikaa upande. Mume wa Esta alitaka kumwita fundi akinyooshe. Esta akamwambia asikiguse.