Rakaa Mbili Mferejini

Kila lori la maji likija kujaza tangi letu hapa Ibra, Oman, mimi hupanda darini na kuligonga tangi kwa kidole. Mlio ukiwa mwembamba, hapo pangali patupu. Ukiwa mzito, maji yamefika. Binti wa Tanga anayenisaidia kazi za nyumbani hunicheka. "Mama, si kuna boya humo ndani? Likijaa linajifunga lenyewe." Kweli limo, na mwanangu ndiye aliyelitia. Lakini mkono una mazoea yake, na haya niliyapata mbali sana na hapa, ndani ya mashua.

Usinidhanie nazungumzia matanga na bahari, msomaji wangu. Mashua yetu ilikuwa ya chuma, ndefu kama behewa la treni na nyembamba kama ujia wa nyumba, na ilikaa katika mifereji ya Uingereza, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayopita kati ya mashamba na nyuma ya viwanda. Wazee wangu waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi wakafikia huko. Walipotafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba akiwatupia jicho tu, chumba kilikuwa kimeshapata mtu. Basi baba akanunua mashua kuukuu iliyokuwa ikibeba makaa ya mawe, akaiezeka, akaigawa kwa mbao, tukahamia: yeye, mama, bibi mzaa baba, na mimi nikiwa bado wa kubebwa.

Maisha ya mashua ni ya kupima. Maji ya tangi yalikuwa ya kunywa, kupika na kutawadha, na bomba la kujazia lilikuwa mbali, kwa hiyo bibi alinifundisha kutawadha kwa maji ya kopo moja la maziwa ya unga na yakabaki ya kuoshea kijiko. Ndoo ya choo ilikuwa kazi ya baba, na akiwa ameibeba hapana aliyemsemesha. Jiko la chuma halikuzimwa baridi nzima. Tulilifunika majivu tukilala, asubuhi tukalichokoa, likaamka. Juu yake bibi alipika mkate wa kumimina kwa kuweka makaa juu ya mfuniko. Nazi hatukuwa nayo. Aliroweka nazi kavu ya paketi katika maji ya moto, akaikamua kwa shela kuukuu, na tui likatoka jembamba, naye akalitukana kila siku na kulitumia kila siku. Wali ule, moshi wa makaa na udi wake wa Ijumaa vilishika mbao zote, hata koti langu la shule likanuka mashua yetu, na wenzangu wakaniuliza tunapika nini.

Kazi niliyoipenda ni ya milango ya maji. Mfereji haupandi kilima, kwa hiyo mashua huingizwa ndani ya chemba ya mawe, milango ikafungwa nyuma yake, maji yakafunguliwa, nayo ikainuliwa polepole mpaka usawa wa juu. Mama alijifunga kanga kiunoni juu ya koti na kuzungusha mkono wa chuma wa kufungulia maji. Milango ilisukumwa kwa mgongo, si kwa mikono, nami nilisukuma pamoja naye nikiamini bila mimi haifunguki. Bibi ndiye aliyeshika usukani. Ukitaka kwenda kushoto unausukuma kulia. Yeye alilielewa siku ya kwanza, baba alituingiza majanini wiki nzima.

Na mahali pa kufunga mashua alichagua bibi, kwa kibla. Ndani mlikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusujudu nyuma ya mwenzake, basi. Mashua ikilala upande mwingine, utasimama kukingama na paji la uso litagonga kabati. Kwa hiyo tulitafuta pale mfereji unapoelekea kusini-mashariki, tukapigilia vigingi, tukafunga kamba. Mwanzoni tulikosea. Baba aliweka dira juu ya meza, tukasali inavyoonyesha kwa miezi. Siku moja mama alitoka nayo nje akaanike nguo, akaitazama pale kwenye majani, ikaonyesha kwingine kabisa. Kumbe chuma cha mashua kilikuwa kikiivuta sindano, nasi tulikuwa tukisujudu, kwa hesabu ya baba, kuelekea Urusi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka. "Tulijitahidi," alisema. "Mwenye kupokea anajua." Tangu siku hiyo dira ikasomwa nje, mbali na chuma.

Sasa nikueleze jambo ambalo ndilo hasa linalonikaa rohoni. Sisi ni Maibadhi, madhehebu ya wazee wetu waliotoka Oman, na kwa mafunzo aliyolelewa nayo bibi, msafiri husali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili badala ya nne, maadamu hajatia nia ya kuifanya nchi aliyopo kuwa makazi yake. Hata akikaa miaka. Sheria ya mifereji nayo haikuruhusu mashua kukaa mahali pamoja muda mrefu, tukawa watu wa kuhamahama, na bibi akaipenda sheria hiyo kana kwamba imetungwa kwa ajili yake. Hakupigilia msumari ukutani. Nguo zake zilikaa sandukuni. Mtu akimuuliza tunakaa wapi, alijibu, "Hatukai. Tunakwenda kwetu."

Tulisali jamaa, baba mbele, kisha mama, kisha bibi, kisha mimi. Mbele ya macho yangu vilikuwa visigino vya bibi, vyenye hina iliyofifia, na mashua ikitikisika kidogo kila tulipokwenda sijida. Rakaa mbili, salamu, tumemaliza. Sikujua kwamba kuna watu wanaosali Adhuhuri nyingine.

Nilikuwa nimeshaanza shule baba alipopata kazi ya kudumu katika karakana ya injini kando ya mfereji, na pamoja nayo ruhusa ya kufunga mashua papo hapo moja kwa moja. Tukaacha kuhama. Akalima kitalu cha vitunguu na kotimiri ukingoni, akaweka hata kiti cha kukalia jioni. Jumamosi moja alitusalisha Adhuhuri. Baada ya rakaa ya pili nilikaa nikingoja salamu, na baba akanyanyuka. Mama akanyanyuka nyuma yake. Bibi alibaki ameketi kidogo, kisha naye akainuka, kwa sababu anayesali nyuma ya mwenyeji hana budi kumfuata mpaka mwisho.

Walipomaliza, bibi alisema bila kugeuza uso, "Umeshatia nia ya kukaa."

"Nimetia, mama. Nimechoka kuwa mgeni. Na mtoto huyu hajui kwengine."

"Kaa, mwanangu, na Mungu akubarikie. Mimi bado nipo njiani."

Hapakuwa na ugomvi, na labda ugomvi ungekuwa nafuu. Kuanzia siku hiyo bibi hakusali tena nyuma ya mwanawe. Alingoja jikoni, akichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa, mpaka tumalize. Ndipo akatandika mswala na kusali mbili zake peke yake. Baba naye, kabla ya kukabiri na kuanza sala, alisimama kitambo kila siku, akingoja asikie hatua zake. Hazikuja. Mbele yangu sasa palikuwa na visigino vya mama, navyo nilivipenda, lakini nililia, nikasingizia moshi wa makaa.

Wakati huo Oman ilikuwa imewafungulia mlango watu wake wa Unguja. Jamaa wa Ibra wakatuletea habari kwamba nyumba ya babu yake bibi ingali imesimama na chumba chetu kipo. Baba aliyetia nia ya kukaa aliuza mashua kwa ajili ya mama yake. Siku ya kuikabidhi aliisafisha injini kipande kwa kipande, akang'oa kotimiri yote, akaigawa kwa majirani wasiojua ya nini.

Adhuhuri yetu ya kwanza Ibra, wanawake wa nyumba walikusanyika kumtazama mgeni wao. Bibi alitandika mswala wake, mimi nikasimama ubavuni mwake kwa furaha kwa vile nafasi ilikuwepo. Nikajitayarisha kwa nne. Alisali mbili, akatoa salamu.

Jamaa mmoja akamwinamia kwa upole. "Ya mama, labda umesahau. Umeshafika baladi yako, nchi yako."

"Sijasahau," alisema bibi. "Hapa ni kwa babu yangu. Kwangu ni Unguja."

Baba alikuwa mlangoni, viatu mkononi, na alisikia. Alivaa viatu, akatoka kwenda kuukalia ukingo wa falaji, mfereji wa kumwagilia kule mitendeni, akatazama maji yakipita.

Bibi aliishi Ibra miaka mingi, akaheshimiwa, akaozesha wajukuu, akazikwa hapa hapa. Mpaka maradhi yake ya mwisho alisali mbili. Unguja hakurudi. Baba alizeeka na jambo hilo, kwamba alimpeleka mama yake kote alikoweza na hakuweza kumfikisha.

Mimi husali nne, na sina shaka nazo. Watoto wangu wamejenga hapa na Sur, wajukuu wananijibu Kiswahili changu kwa Kiarabu, na nchi hii imenilea vizuri. Lakini nikilala na kuota nyumbani, sioti Ibra, wala Unguja niliyoondolewa ningali wa kubebwa. Naota mbao zenye jasho, kopo la maziwa ya unga, mkate chini ya makaa, na sisi wanne tumepangana gizani tukielekea upande mmoja. Mashua ile nasikia ilikatwa vyuma zamani. Bibi hakuwahi kupaita pale nyumbani hata siku moja, nami sikupata kumwambia. Yeye alikuwa njiani. Mimi nilikuwa nimeshafika.