Mwanakuu na Filamu za Watu wa Suti

Watu wakimtaja Mwanakuu binti Mzamil husema, yule mshona mabuibui apendaye filamu. Mimi hukasirika. Mwanakuu hatazami filamu, huzihoji. Wala si za mapenzi. Ni zile za watu wa suti wanaouza makaratasi ya hisa na madeni hadi benki zinaanguka, na wakubwa wakatoka na mamilioni yao. Husimamisha picha kwa rimoti, akatuuliza: “Hapa nani ashalipwa? Na nani yuangoja?” Tulimcheka miaka na miaka.

Chama chetu cha wanawake hapa Kibokoni hukodisha masufuria ya harusi. Kwa ijara hiyo, miaka kumi na minane, tulinunua nyumba ya ghorofa moja. Chini tunaweka vyombo, juu wanakaa wajane wanne wasio na pengine pa kwenda. Mmoja wao ni mama yangu.

Mwaka jana alitujia Kamaludin, wakala wa kampuni ya majumba. Alitaka tuiweke nyumba rehani benki, na kwa mkopo huo tununue hisa katika jengo la ghorofa kumi na mbili. Alitusalimu mmoja mmoja, akaulizia wazee wetu, kisha akafungua kikao kwa Fatiha. Hapo ndipo tulipokwisha. Kwetu Fatiha ikishasomwa juu ya jambo, kurudi nyuma ni aibu. Mwenyekiti wetu Raihana akainuka kwenda kabatini kutoa hati ya nyumba.

Mwanakuu akaweka kikombe chini.

“Mwanangu, Fatiha ni kheri, Mungu aipokee. Sasa nambia. Jengo likikwama, nani hulipwa kwanza?”

Kamaludin akasema ni benki iliyoikopesha kampuni.

“Kisha?”

Wakandarasi na wengine wanaoidai kampuni.

“Nawe?”

Yeye hupata kamisheni yake siku tunayotia sahihi.

“Na sisi?”

Kijana akapangusa jasho. Akakiri kwamba mwenye hisa huwa wa mwisho, kama kuna kilichobaki.

“Nimeyaona kwa mato yangu mara nyingi,” Mwanakuu akasema kwa upole. “Si kuwa wewe u mwizi. Ndivyo mambo yalivyopangwa. Anayeuza hatari huchukua chake mapema akenda zake, na aliyeinunua ndiye hubaki nayo.”

Nilivimba kichwa kana kwamba nimeuliza mimi. Mwanamke huyu hajakanyaga chuo chochote cha biashara, na mwenye suti alikuwa akimjibu kama mwanafunzi.

Raihana alikuwa bado ameshika hati. “Lakini tushasoma Fatiha, Mwanakuu. Tutaonekana watu gani?”

“Watu wenye nyumba.”

Hati ikarudi kabatini. Nilipopanda juu nilimkuta mama yangu akitandika kitanda chake, akaniuliza kama mgeni amepewa chai.